Shimano CUES kwenye baiskeli ya umeme: gia ni imara, lakini siti nayo ina neno

Mota ya kati, ile inayokaa palepale kwenye krenki (mikono inayoshikilia pedali), haina huruma na cheni. Nguvu ya miguu na nguvu ya mota hupita njia moja. Chukua mota kama Shimano EP8 au Bosch Performance Line CX ya kizazi cha nne, ambazo hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya hadi Nm 85. Kwenye sproketi ya mbele yenye meno 34, nusu kipenyo ni kama milimita 69, kwa hiyo mota peke yake inaweza kuivuta cheni kwa nyutoni 1,200 na ushei. Mwendeshaji akikandamiza pedali kwa uzito wa kilo 40 kwenye krenki ya milimita 170, anaongeza karibu nyutoni 1,000. Ukijumlisha, cheni inavutwa kama vile imening'inizwa mzigo wa zaidi ya kilo 200, na katikati ya hali hiyo inaombwa iruke kutoka jino hadi jino.

Kwa kazi hiyo, CUES ndiyo seti ya gia ninayoipendekeza kwa baiskeli nyingi za umeme za matumizi ya kila siku. Sisemi ni nyepesi, maana si nyepesi. Wala haina kasi ya kubadilisha kama Hyperglide+ ya gia 12, mfumo mwingine wa Shimano. Sifa yake ni uvumilivu.

CUES ilitoka mwaka 2023 ikiwa na ngazi kadhaa, kama U4000, U6000 na U8000, kwa gia 9, 10 na 11. Kaseti zake (yale mafungu ya sproketi za nyuma) za Linkglide ndizo zinazobeba jina. Shimano wanadai hudumu mara tatu kuliko Hyperglide ya kawaida. Hata bila kushika dai hilo neno kwa neno, ukiishika kaseti mkononi utaona sababu: meno ni manene zaidi kwenye shina, na vijia vya kupandishia na kushushia cheni vimechongwa ili iteleze polepole badala ya kurushwa. Ukibadilisha gia unasikia mlio mzito uliotulia, si ule mkwaruzo mkali unaokufanya ukunje uso. Gharama yake ni kuchelewa kidogo. Anayependa gia iitike papo hapo ataiona nzito.

Jambo la pili zuri ni kwamba mvuto wa kebo ni mmoja kwa familia nzima, na cheni ni ya aina moja, LG500, iwe gia 9 au 11. Kaseti hukaa kwenye friwili (kile kiini cha gurudumu la nyuma kinachoshikilia kaseti) ya kawaida ya HG. Fundi anaweka cheni moja dukani na anahudumia wote. Lakini shifta (kibofyo cha kubadilishia gia) ya CUES inataka deraila (mkono unaosogeza cheni nyuma) ya CUES. Ukiifunga na deraila ya zamani ya gia 11, itapatana na gia mbili tatu kisha ikuchanganye kwenye zilizobaki, na hakuna skrubu ya kutibu hilo.

Malalamiko mengi kuhusu seti hii, na kuhusu gia za baiskeli za umeme kwa jumla, hayatokani na seti yenyewe. Kabla ya kugusa chochote, zima mfumo na utoe betri. Krenki ikijizungusha vidole vikiwa kati ya cheni na sproketi, hiyo si ajali ndogo.

Anza na hanga, kile kipande cha alumini kinachoishikilia deraila kwenye fremu. Baiskeli ya kilo 25 ikianguka upande wa kulia, uzito wote unatua hapo. Hanga hupinda kiasi ambacho jicho halioni, na dalili yake inajulikana: gia za katikati safi, zile za mwisho upande mmoja zinagoma, na ukirekebisha upande huo mwingine unaharibika. Pima kwa kipimo cha hanga kinachofungwa mahali pa deraila, ukilinganisha umbali hadi kwenye ukingo wa rimu sehemu nne za gurudumu. Tofauti ikizidi milimita 4, nyoosha au badilisha. Kurekebisha kebo juu ya hanga iliyopinda ni kupoteza mchana.

Hanga ikiwa sawa, weka mipaka kabla ya kebo. Peleka cheni kwenye jino dogo kabisa (hapa “jino” ni sproketi nzima ya kaseti), legeza kebo, kisha kwa skrubu ya H panga gurudumu la juu la deraila likae chini ya jino hilo moja kwa moja. Sukuma deraila kwa mkono hadi jino kubwa huku ukizungusha pedali, na kwa skrubu ya L hakikisha cheni haiwezi kuvuka kwenda kwenye spoku. Kisha vuta kebo kwa mkono tu, bila koleo la kukaza kupita kiasi, na ufunge boliti yake kwa Nm 6 hadi 7. Kinachobaki ni kirekebishi cha shifta: cheni ikisita kupanda jino kubwa zaidi, kizungushe kinyume cha saa robo mzunguko, ikisita kushuka, kizungushe kwa mwelekeo wa saa. Robo, kisha jaribu. Watu huzungusha mizunguko mitatu kwa hasira halafu hawajui walikotoka.

Ikiwa kebo imekazwa vizuri na bado gia zinachelewa kushuka lakini zinapanda bila shida, usiendelee kuzungusha kirekebishi. Huo ni msuguano ndani ya kava ya kebo: matope, kutu, au kona kali mahali kebo inapoingia kwenye fremu. Spiringi ya deraila haina nguvu ya kuivuta kebo iliyokwama, wakati kidole chako kinayo. Badilisha kebo na kava zote mbili pamoja. Kebo mpya ndani ya kava chafu haisaidii.

Skrubu ya B nayo husahaulika. Ndiyo inayoamua gurudumu la juu la deraila likae mbali kiasi gani na jino kubwa. Kwa kaseti pana kama 11-50, nafasi ya milimita 5 au 6 ni mwanzo mzuri, ila mwongozo wa deraila yako ndio wenye kauli ya mwisho. Kwenye baiskeli yenye kifyonza mtikisiko cha nyuma, pima mwendeshaji akiwa ameketi, maana fremu ikizama umbali huo unabadilika.

Halafu kuna kuruka kwa cheni, tatizo ambalo mota ya kati hulifichua haraka kuliko mguu. Swali la kwanza ni moja: inaruka kwenye gia zote au chache? Ikiwa ni gia mbili tatu tu, na hasa baada ya kufunga cheni mpya, yale meno yamekwisha. Mara nyingi ni meno madogo ya safari za kila siku, kwa sababu jino dogo linabeba mvuto uleule kwa meno machache. Ikiwa inaruka mara moja kila baada ya mizunguko kadhaa, kwenye gia yoyote, tafuta kiungo kigumu: zungusha pedali kinyumenyume taratibu, na utaona kiungo kinachokataa kukunjuka kikipita kwenye magurudumu ya deraila. Ikiwa pedali zinateleza mbele ghafla kwa mlio mzito na cheni yenyewe haijasogea juu ya meno, lawama ni ya friwili ya nyuma, na kaseti mpya haitakusaidia.

Uchakavu wa cheni hupimwa, haukisiwi kwa macho. Kipimo cha duka ni rahisi, lakini rula ya chuma nayo inatosha. Viungo 24 vya cheni mpya, kutoka kitovu cha pini ya kwanza hadi kitovu cha pini ya 25, hupima milimita 304.8. Ikifika 306.3 imerefuka kwa asilimia 0.5, na hapo ndipo ninapoitoa kwenye mota ya kati. Kungoja hadi 0.75 ni kuokoa cheni na kuua kaseti, na kaseti ya Linkglide, pamoja na ubishi wake wote, haistahili kifo hicho. Mafuta: tone moja kwa kila rola, upande wa ndani, subiri yaingie, kisha futa nje hadi kitambaa kitoke karibu safi. Bomba la maji ya shinikizo liachie wengine.

Siti inaingia wapi katika mapitio ya gia? Inaingia moja kwa moja. Baiskeli ya umeme ni nzito, kwa hiyo watu wengi hushusha siti ili miguu yote miwili ikanyage chini wakisimama. Siti ikiwa chini, goti halinyooki, mguu unachoka kuzunguka haraka, na mtu anaanza kukanyaga polepole kwenye gia nzito. Kihisi cha torki kinasoma mkanyago huo mzito kama ombi la msaada zaidi, nayo mota inatii. Kwa nguvu ileile, kukanyaga mizunguko 75 kwa dakika badala ya 45 hupunguza mvuto kwenye cheni kwa asilimia 40. Hakuna kaseti inayokupa punguzo hilo.

Pima urefu wa mguu wa ndani: simama pekupeku mgongo ukiwa ukutani, bana kitabu kigumu kati ya mapaja kana kwamba umeketi juu yake, weka alama ukutani kwenye ukingo wa juu. Zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka kitovu cha krenki hadi juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Mwenye sentimita 80 anapata 70.6. Baiskeli nyingi za umeme huja na krenki fupi za milimita 160 hadi 170, kwa hiyo ongeza milimita chache, kama 5 hivi kwa krenki ya 165. Hakiki kwa kisigino: kikiwa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka, ukihamia kwenye mpira wa unyayo, goti libaki na mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35. Nyonga zikicheza kulia na kushoto, umepandisha mno. Maumivu mbele ya goti mara nyingi huelekeza kwenye siti iliyo chini au iliyo mbele sana. Nyuma ya goti, kinyume chake. Na ile alama ya mwisho kwenye nguzo ya siti isionekane nje ya fremu.

Kusogeza siti nyuma nako ni kuirefusha: kwa kila sentimita moja nyuma, ishushe kama milimita 3. Mahali pa kuanzia, krenki zikiwa zimelala sawa, uzi wenye uzito ukishushwa kutoka chini kidogo ya pia ya goti la mbele upite karibu na ekseli ya pedali. Viganja vikifa ganzi, angalia pua ya siti kabla ya kununua hendeli nyingine. Siti inayoinama mbele humtelezesha mtu, naye hujizuia kwa mikono safari nzima. Ianze sawa, na ukiinamisha usizidi nyuzi 2 au 3.

Kuna kelele moja inayowachanganya hata mafundi: mlio wa “tik” katika kila mzunguko wa pedali, ambao wenye baiskeli huulaumu mota. Simama juu ya pedali huku ukiendelea kukanyaga. Mlio ukinyamaza, unatoka kwenye nguzo ya siti au reli zake. Toa nguzo, futa, paka grisi (au dawa maalumu ya kaboni ikiwa nguzo ni ya kaboni), kaza kwa torki iliyochapwa kwenye kifungio. Ukiendelea, kaza pedali, kisha nati ya sproketi ya mbele. Mota iwe ya mwisho kushukiwa. Na msaada ukikatika katikati ya mwendo bila kelele yoyote, usifungue chochote kabla ya kutazama sumaku ya spoku: kwenye mifumo ya Bosch inayoitumia, nafasi kati yake na kihisi inatakiwa iwe milimita 5 hadi 17, na gurudumu likitolewa ovyo sumaku huzunguka ikatazama pembeni.

Ngazi ipi? Kwa mota ya kati, U6000 yenye klachi ya deraila ndiyo chaguo langu. Klachi huizuia cheni kupigapiga barabara mbovu, na kaseti ya gia 10 au 11 inatosha milima yote ambayo mota itakubali. U4000 ya gia 9 inafaa mota ya habu (inayokaa katikati ya gurudumu), kwa sababu huko cheni inabeba miguu tu. U8000 ni nzuri, ila unacholipia zaidi hutakihisi sana ukishaongeza betri ya kilo kadhaa. Toleo la Di2, linalobadilisha gia kwa umeme, lina maana pale tu mota yenyewe ni ya Shimano na inaweza kubadilisha gia yenyewe. Kwa aina zote, legeza mkanyago nusu mzunguko kabla ya kubofya shifta. Linkglide huvumilia usipofanya hivyo, lakini huvumilia kwa kukulipisha baadaye.

Mwenye Hyperglide+ ya gia 12 inayofanya kazi vizuri asihame kabla kaseti haijaisha. Shifta, deraila, kaseti na cheni hubadilika vyote kwa pamoja, na friwili ya Micro Spline, inayotumiwa na gia hizo 12, haipokei kaseti ya CUES, kwa hiyo nayo itabidi ibadilishwe.