Shawa ya umeme ya wati 5500 kwenye nyumba ya kupanga: kifaa kizuri, ufungaji mbovu

Ukitafuta nyumba Arusha, Mbeya au Njombe, dalali akisema "bafuni kuna maji ya moto", mara nyingi ni kile kichwa cha shawa cha plastiki chenye koili ndani, wati 5500, kinachopasha maji papo hapo yanapopita. Kifaa chenyewe tunakipa alama nzuri. Namna kinavyofungwa kwenye nyumba nyingi za kupanga, hapana.

Uwezo wake unapimika. Wati 5500 hupandisha joto la maji ya lita 3 kwa dakika kwa nyuzi 26 za Selsiasi. Asubuhi ya Julai, maji ya bomba yakiwa na nyuzi 16, yatatoka na 42, na wengi huoga kwa raha kati ya 38 na 41. Fungua koki hadi lita 5 kwa dakika, utapata nyuzi 32 tu, maji vuguvugu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba shawa haipashi, aanze kwa kupunguza maji. Akishapunguza na hali ni ileile, aangalie umeme. Kifaa cha volti 230 kikipata volti 190 jioni, nguvu yake hushuka hadi wati 3750 hivi, na kubadilisha koili hakutasaidia kitu.

Tatizo kubwa ni waya. Shawa hii inavuta ampea 24. Tunayokuta ni waya wa milimita za mraba 2.5 uliounganishwa na ule wa soketi za sebuleni, viungio vya plastiki vimeyeyuka, na harufu ya kuungua imeshazoeleka. Inatakiwa waya wake pekee wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi, sakiti breka ya ampea 32, swichi ya nje ya bafu inayokata laini na nyutro kwa pamoja, na kiungio cha kauri. Plagi ya ampea 13 haifai kabisa.

Halafu kuna ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na hapa hatuna huruma na fundi yeyote. Wapo wanaofunga waya wa kijani wa shawa kwenye nyutro kwa sababu nyumba haina ethi. Nyutro ikikatika huko nje, umeme unarudi kupitia waya huohuo hadi kwenye maji yanayokumwagikia. Nyumba isiyo na ethi isifungwe shawa hii. Ndoo na maji yaliyochemshwa jikoni ni salama zaidi. Vilevile iwekwe RCCB, swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja, ya miliampea 30. Kama inakata kila mara, maji huenda ni ya kisima chenye chumvi na koili iko wazi ndani ya maji, hivyo umeme unavuja. Dawa ni shawa ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Kuiondoa RCCB ili "isisumbue" ni kumtega mpangaji.

Koili huungua zaidi kwa sababu ya presha ndogo. Ndani kuna mpira unaosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Simtanki likiwa nusu mita tu juu ya shawa, mpira unacheza, swichi ya ndani inapiga cheche, koili inapata hewa badala ya maji. Mita 1 ni kima cha chini, 2 au 3 ndiyo raha. Baada ya kufunga, au maji yakikatika na kurudi, yaache yatiririke dakika moja swichi ikiwa imezimwa. Usibadilishe kiwango cha joto maji yakiwa yanatoka. Vitundu vikiziba, visugue kwa mswaki.

Kuhusu Luku: watu 4, kila mmoja dakika 7 kwa siku, ni uniti 77 hivi kwa mwezi. Aliye daraja la D1 la TANESCO, la bei nafuu kwa watumiaji wadogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, shawa peke yake imeshamtoa. Hita ya tangi la lita 50 nayo hula uniti 2.4 kupasha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60, lakini haihitaji waya mnene. Wenye tangi wasishushe hadi 45 kubana matumizi: bakteria wa Legionella huzaliana kwenye joto hilo, ndiyo maana tangi huwekwa 60. Ila maji ya 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache, yachanganywe kabla hayajamfikia.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi 6, nenda na jagi la lita 1, simu ya kuhesabia sekunde na kipimajoto cha jikoni cha kupimia maji yanayotoka. Jagi likijaa kwa sekunde 20, ni lita 3 kwa dakika. Acha shawa iwake dakika 10, izime, kisha gusa kifuniko cha swichi ukutani kwa mkono mkavu. Kikiwa cha moto, mwenye nyumba abadilishe waya kwanza.