Wakili aliyeniuliza tarehe kabla ya jina: huduma ya kesi za ajali, Nakuru

Tangu mwaka jana nimekuwa nikijiambia nitaandika kuhusu ofisi hii. Sasa pesa zimeingia na mkono umezoea mkasi tena, basi naandika. Ni ofisi ndogo ya mawakili hapa Nakuru, ghorofa ya pili, upande wa Kenyatta Avenue, juu ya duka ninakonunua bitana na zipu. Sitawataja kwa jina, maana itabidi nieleze pia ofisi niliyotoka, na sitaki ugomvi na mtu.

Mimi ni fundi cherehani, Free Area. Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021 nilikuwa nimebebwa na boda kutoka Lanet, nimepakata robota la vitambaa vya sare za shule. Tulipofika Pipeline, matatu iliyokuwa ikipita lori ikatuingilia upande wetu. Kijana wa boda alichubuka tu. Mimi niliangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Wiki sita za plasta, kisha miezi ambayo sikuweza hata kubana sindano kati ya vidole viwili.

Nikiwa bado wodini alikuja kijana nadhifu mwenye faili, akanipa pole kama ndugu yangu. Waliowahi kulazwa kwa ajali wanawajua madalali hawa wanaowatafutia mawakili wateja. Aliniambia nisitoe hata shilingi, ofisi yao itakata asilimia 30 fidia ikitoka. Nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala kama za mtoto wa chekechea. Kuanzia hapo ikawa ni kungoja. Mwaka 2022 nikipiga simu naambiwa, "Mama, tunazungumza na bima." Mwaka 2023, bima imeomba ripoti nyingine ya daktari. Mwanzo wa 2024, bima iko karibu kukubali. Mimi niliamini kwamba maadamu wanazungumza, kesi yangu iko hai. Kumbe hakukuwa na kesi yoyote. Hakuna aliyekuwa amefungua jalada mahakamani.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kupima sketi akanikuta nikilalamika. Ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi hii. Nilienda Jumanne tarehe 11 Juni 2024. Nilikuta wakili mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Sijakaa vizuri akauliza, "Dada, ajali ilikuwa lini?" Nikampa abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kituoni inayothibitisha ajali imeandikishwa. Akaweka rula juu yake na kuisoma mstari kwa mstari, kama mimi ninavyosoma vipimo vya gauni la harusi. Akasimama kwenye tarehe mbili: 16 Agosti, siku niliyoandikishwa kituoni, na 14 Agosti, siku ya ajali yenyewe. Akaniambia hesabu inaanza siku niliyoumia, haingoji polisi waandike. Kisha akachukua penseli, akageukia kalenda ya ukutani na kuhesabu kwa sauti. Alipofika tarehe 13 Agosti akaacha kuhesabu. "Zimebaki siku 63. Tarehe kumi na nne yenyewe siitegemei."

Nilihisi baridi mwilini. Alinieleza kwa Kiswahili kisicho na mikunjo: Sura ya 22 ya sheria za Kenya inampa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kwenda mahakamani. Mazungumzo na bima hayaisimamishi miaka hiyo. Barua ya madai haiisimamishi, ripoti ya daktari haiisimamishi. Kinachokuokoa ni kesi iliyofunguliwa na ada ikalipwa. Siku ikishapita, bima iliyokuwa ikikubembeleza haina tena sababu ya kukusikiliza. Ndiyo, mahakama inaweza kuongeza muda, lakini mlango huo umewekwa kwa aliyekosa kujua jambo kubwa kuhusu madai yake, kama mtu aliyegundua baadaye sana kilichomdhuru. Mimi nilijua matatu iliyonigonga na nilijua mkono umevunjika. Nisingepita.

Na bado mimi nilikuwa na afadhali. Kwenye benchi la nje niliketi na mzee aliyegongwa na lori la serikali, miezi 14 ilikuwa imepita. Dhidi ya serikali muda ni miezi 12 tu, uko kwenye sheria nyingine, Sura ya 39. Mzee alikuwa ameambiwa na watu sokoni kuwa ana miaka 3. Alitoka akiwa ameshika bahasha yake ya eksirei kwa mikono miwili, na wakili akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Hakumtoza kitu. Uso wa mzee yule bado ninao machoni, na ndio ulionifanya niandike kirefu hivi. Aliyeumia kazini naye asilale: madai ya fidia chini ya sheria ya majeraha kazini yanatakiwa ndani ya miezi 12.

Kuhusu ile asilimia 30, wakili alinionyesha kwamba Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya kulipwa tu pale kesi inaposhinda. Yeye alinitoza shilingi 3,000 siku hiyo, akanipa risiti, na ada iliyobaki akaiandika kwenye barua nikaondoka nayo nyumbani.

Kazi ilienda mbio. Walitafuta rekodi ya mwenye matatu kwa mamlaka ya usafiri, wakanipeleka kwa daktari apime kiasi mkono ulichopoteza, wakadai faili langu kutoka ile ofisi ya kwanza. Jumanne tarehe 25 Juni mji ulifungwa na maandamano ya Mswada wa Fedha, nikakaa nyumbani nikiona siku zinaliwa. Ijumaa tarehe 28 karani akanipigia: kesi imeingia kwa mtandao wa Mahakama, ada nimelipa kwa simu. Wiki hiyo hiyo bima ikapelekewa notisi, kwa sababu isipopata taarifa kabla ya kesi au ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa, inaweza kukataa kulipa hukumu.

Tulienda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na majeraha ya mwili yamo. Unaweza hata kujiwakilisha mwenyewe. Sheria inasema hukumu itoke ndani ya siku 60. Yangu ilipita hapo kidogo, ikasomwa katikati ya Septemba. Nilikatwa asilimia 10 kwa sababu sikuvaa helmeti, na nakubali, ni haki. Kilichoniuma zaidi ni gharama za matibabu: nililipwa tu zile zenye risiti. Dawa nilizonunua dukani bila karatasi zilienda hivyo hivyo. Malipo yaliingia Februari 2025.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa mambo mawili. Ngazi ni nyembamba na hazina mahali pa kushika, na wateja wao ni watu wenye magongo. Niliona kijana akibebwa mgongoni na kaka yake. La pili, karatasi za mahakama zote ni Kiingereza. Wakili hueleza vizuri akiwepo, lakini asipokuwepo karani anakuambia tu "tia sahihi hapa". Mimi nimeshatia sahihi mara moja nisichokielewa. Mara ya pili nilikataa, nikangoja saa mbili nzima hadi aliporudi kutoka kortini. Hakukasirika. Alivuta kiti, akanisomea kurasa zote.

Mkiwa mnakwenda, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo huwa kortini. Bebeni abstrakti, karatasi za hospitali na risiti zote, hata ile ya shilingi 200 ya teksi ya kwenda kliniki.