Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe: usimame wapi, usikilize nini

Tangu lilipoanza mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara limeshikilia sharti moja ambalo matamasha mengi yamelilegeza: hapandi mtu jukwaani na pleibeki, yaani muziki uliorekodiwa. Anayeimba aje na wapigaji wake na vyombo vyake. Kwa mpenzi wa muziki wa jukwaani, sharti hilo peke yake linaifanya Februari ya Unguja kuwa juu ya kila kitu kingine katika mwaka. Lakini pia linaanika kila kosa la fundi mitambo, maana hakuna CD ya kulifunika.

Tuanze na mahali penyewe. Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe ni kuta nene za mawe na chokaa zilizozunguka uwanja usio na paa. Sauti nyembamba, kama matoazi na nyuzi za juu za gitaa, zinapaa na kupeperushwa na upepo wa kaskazi. Besi haina pa kwenda. Inagonga ukuta na kurudi. Ukiegemea ukuta utaisikia imezidi kwa karibu desibeli 6, na kwenye kona ni zaidi ya hapo, mpaka maneno ya mwimbaji yanamezwa. Watu wengi hukimbilia kuta hizo kwa ajili ya kuegemea, kisha wanalalamika kwamba muziki unavuma. Mbele kabisa nako si pazuri: unasikia ngoma na monita, zile spika zinazowaelekea wapigaji wenyewe, huku sauti ya spika kubwa ikikupita kichwani. Mahali pa kusimama ni hatua chache mbele ya meza ya fundi mitambo, katikati. Anachokisikia yeye ndicho utakachokisikia wewe.

Tamasha hutumia jukwaa kuu la uwanjani na jukwaa dogo la upande wa ngazi za mawe. Taarab asilia isikilize kwenye ngazi, ikiwezekana jioni mapema. Kundi kama Culture Musical Club, la tangu mwaka 1958, halina gitaa la kuchomeka umeme likanguruma; lina udi, fidla, nai, akordioni, dumbaki na ganuni, na karibu kila kimoja kinahitaji maiki yake. Ganuni, chombo bapa kinacholazwa na kudonolewa kwa vidole, ndiyo inayoponza. Ina nyuzi 70 na zaidi, kila noti nyuzi tatu, na unyevu wa Februari huzilegeza haraka, kwa hiyo usikasirike mpigaji akichukua dakika nzima kukaza kabla ya wimbo. Tatizo kubwa ni monita. Wapigaji wakiomba monita ziongezwe, maiki ya ganuni inaanza kupiga mluzi. Fundi mwenye haraka anaishusha ganuni badala ya kushusha monita, na kutoka hapo hadhira inabaki na akordioni na besi. Akordioni haiwezi kuziba pengo hilo, kwani bila kurekebishwa maalumu haitoi robo sauti, zile zinazokaa kati ya noti mbili jirani, ambazo maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama rasti na bayati zinazitaka. Taarab iliyopoteza ganuni inasikika kama imenyooshwa kwa pasi.

Muziki wa Kigogo una mtego wake. Orodha ya mwaka 2025 ilikuwa na The Zawose Queens, kundi la wanawake wa Kigogo, na kwa masikio yetu chaguo la namna hiyo ndilo linalolipa kiingilio. Ilimba, chombo cha vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina sauti ndogo, tena ina mkwaruzo wa makusudi, unaotoka kwenye vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Fundi asiyeijua hudhani ni kelele ya waya, akakata sauti za juu, na chombo kinabaki kama maji yanayodondoka ndani ya ndoo. Ukisikia ule mkwaruzo wazi kabisa juu ya ngoma za muheme, jua kwamba mezani kuna mtu aliyefanya kazi yake.

Upande wa dansi ndiko tamasha linakonyima watu raha. Mwaka huo huo alikuwapo Christian Bella na Malaika Band, na hakuna ubishi kwamba bendi za aina hiyo ndizo zinazojua kuamsha uwanja usiku wa manane. Ila nafasi ya kila kundi ni kama saa moja. Wimbo wa dansi huanza polepole, mashairi yakapewa nafasi, ndipo magitaa yafungue sebene, ile sehemu ya kuchezwa, taratibu mpaka watu wapagawe. Ukiubana kwenye dakika chache unapata kichwa na mkia tu. Anayetaka dansi iliyoiva akaitafute ukumbini Dar es Salaam, kwa Msondo Ngoma au Sikinde, ambako bendi inapiga usiku kucha na hakuna anayeangalia saa.

Kuhusu kiingilio, Watanzania wana bei yao, ya chini sana kuliko ya wageni. Beba kitambulisho, vinginevyo mtabishana mlangoni. Mlango wa ngome ni mwembamba na baada ya saa mbili usiku foleni hujaa hadi nje, kwa hiyo ingia kabla ya magharibi, wakati makundi ya mwanzo bado yana watu wachache mbele yao. Ratiba husogea, kwa sababu kubadilisha vyombo kati ya kundi la taarab na bendi huchukua muda. Usitegemee msanii wa saa tano atapanda saa tano. Muziki huendelea hadi usiku wa manane, na boti za haraka za kurudi Dar husafiri mchana. Chumba cha Mji Mkongwe kitafutwe wiki kadhaa kabla. Vinginevyo lala Michenzani au Kikwajuni, unafika kwa miguu na bei ina huruma.

Na vizibo vya masikio ni vya bei ndogo. Ukikaa karibu na spika za jukwaa kuu, vivae tangu kundi la kwanza.