Uzoefu wangu Kisiwa cha Msumbiji: anzeni mtaa wa makuti

Mimi ni mtu wa Masasi na bibi yangu alikuwa Mmakua, kwa hiyo nilipopanda chapa, yaani daladala ya huko, pale Nampula kaskazini mwa Msumbiji, nikasikia abiria wakisalimiana "salama", nilijiona bado niko kwetu. Ni mwendo wa kama kilomita 180 hadi pwani, halafu unavuka daraja jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, gari moja likisubiri jingine lipite. Kisiwa chenyewe, Ilha de Moçambique, kina urefu wa kilomita 3 hivi, na upana wake hauzidi nusu kilomita. Nilikaa siku tatu.

Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa safi, ila maji yalikatika jioni mbili mfululizo na hakuna aliyetuambia mapema. Wao ndio walionitafutia kijana wa kunitembeza kwa nusu siku, kwa miguu. Patana naye bei kabla hamjatoka.

Tulianzia ngome ya São Sebastião, ambayo Wareno walianza kuijenga 1558. Waholanzi waliizingira 1607 na tena 1608, wakashindwa mara zote mbili. Kilichonivutia zaidi ni maji: kisiwa hakina mto, kwa hiyo mvua inayonyesha juu ya ngome huelekezwa kwenye birika kubwa lililojengwa ndani. Kwenye ncha ya kisiwa, nyuma ya ngome, kuna kanisa dogo la mwaka 1522. Kisha tukaenda kwenye ikulu nyekundu ya magavana, ambayo sasa ni makumbusho. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wareno hadi 1898, na ikulu inaonyesha walivyoishi. Samani ni nzuri, lakini nusu saa inatosha.

Hapo ratiba ilikuwa imekwisha. Nikamwomba kijana anipeleke upande wa kusini, mtaa unaoitwa Macuti. Ndiyo, makuti yetu haya haya ya mnazi. Wareno wamelichukua neno kama lilivyo. Tukafika mahali ambapo barabara iko juu na nyumba ziko chini, paa zake zikikaribia usawa wa miguu yetu. Nikauliza kwa nini watu walijenga shimoni. Akanijibu kwamba hapa ndipo yalipochimbwa mawe ya matumbawe yaliyojenga mji wa mawe, na waliobaki wakajenga mabanda yao ndani ya machimbo. Mvua ikinyesha, maji yote hushukia kwao. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Zile kuta nilizokuwa nazisifu asubuhi zilitoka chini ya vitanda vya watu hawa, na nimesikitika kwamba mgeni anaweza kulipa, akatembezwa, akaondoka bila kuambiwa.

Na uhai wa kisiwa uko huko. Wanawake wamejipaka mussiro, mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo hadi uso unakuwa mweupe. Mama aliyesinga liwa ataelewa mara moja. Jioni nilikuta kikundi cha tufo, uchezaji wa kina mama wenye nyimbo, kikifanya mazoezi, wote wamevaa capulana, vitenge vya huko, za sare, na ngoma zao ni dufu zile zile tunazozijua kwenye maulidi. Mama mmoja alinikaribisha matapa ya siri-siri, majani ya ufukweni yaliyopikwa kwa nazi. Mimi niliyekulia kisamvu nimekubali kwamba haya ni matamu zaidi. Nilipomwambia "koshukhuru", yaani asante, kwa Kimakua cha bibi, aliniongezea sahani.

Kisiwa nakipa nyota tano. Matembezi nayapa tatu, na kosa si la kijana, ni la ratiba aliyopewa. Ukienda, mwambie anayekutembeza muanze Macuti asubuhi jua halijawa kali, na ngomeni mwende baadaye.