Reaper: vumilia mwanzo, Shetani wa Ray Wise atakulipa

Sam Oliver anatimiza miaka 21, na siku hiyohiyo wazazi wake wanamfichulia kwamba roho yake iliuzwa kwa Shetani kabla hajazaliwa. Baba yake aliugua, akatoa ahadi ya mtoto wa kwanza akiamini hatapata mtoto kamwe, maana daktari alishawaambia hivyo. Daktari alidanganya.

Hapo ndipo inapoanzia Reaper, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na The CW kuanzia Septemba 2007 hadi Mei 2009. Ilibuniwa na Tara Butters na Michele Fazekas, na Kevin Smith aliongoza sehemu ya kwanza.

Utamu wake uko kwenye kazi yenyewe. Sam (Bret Harrison) mchana ni muuzaji tu katika duka kubwa la hadiwea, na kazi ya pili, ya kumkamatia Shetani roho zilizotoroka, haina mshahara wala likizo. Roho ikitoroka jehanamu, anapewa chombo cha kuinasia, na namna ya kukitumia ataijua mwenyewe. Akishainasa bado hajamaliza: lazima akipeleke chombo kwenye ofisi ya leseni za magari, akikabidhi kaunta kwa Gladys, karani ambaye ni pepo. Kwa nini pale? Kwa sababu mlango wa kuzimu hufunguka popote panapofanana na jehanamu hapa duniani. Aliyewahi kupanga foleni ya leseni hahitaji maelezo zaidi.

Chombo cha kwanza ni mashine ndogo ya mkononi ya kufyonza vumbi, ya Dirt Devil, jina lililobeba neno la Shetani waziwazi. Roho inayowindwa ni ya mchoma moto. Sam anaishika ile mashine kama mtu anayekwenda kusafisha viti vya gari, huku mbele yake kuna moto. Picha hiyo moja inakuonyesha tamthilia nzima ilivyo.

Na Ray Wise, anayeigiza Shetani! Shetani wake ana suti iliyonyooka na tabasamu la mjomba aliyekuletea zawadi. Anamtokea Sam bila hodi, anamsifu, anampa ushauri wa mapenzi, na katika upole huohuo unakumbuka nani ameshika mkataba. Hakuna mwingine humu anayemfikia, ingawa Tyler Labine, kama Sock rafiki mvivu, anachekesha kweli.

Udhaifu upo, na ni mkubwa. Nusu ya kwanza ya msimu wa kwanza inajirudia: roho, chombo, kaunta, basi. Andi (Missy Peregrym), msichana anayependwa na Sam, anafichwa siri muda mrefu mno, hivyo mwigizaji mzuri anabaki kuuliza maswali tu. Mambo hubadilika wanapoingia majirani Tony na Steve, mapepo wawili wapenzi wanaotaka kumpindua Shetani, na pale mkataba wenyewe unapoanza kuchunguzwa. Kuanzia hapo usiruke hata sehemu moja.

Zipo sehemu 31: 18 za msimu wa kwanza, 13 za pili, kila moja kama dakika 42. Mzaha wa kikubwa ni mwingi, na kwenye nyumba ambako jina la Shetani halichezewi, itazameni kwanza wakubwa peke yenu.

Jambo la mwisho la kujua kabla hujaanza: ilisitishwa baada ya msimu wa pili, na hatima ya roho ya Sam inaachwa ikining'inia.