Akaunti ya biashara ukiwa CRB: inafunguka, lakini usitie alama kila kisanduku

Akaunti yangu ya biashara imefikisha mwaka na ushee, na ilifunguliwa jina langu likiwa CRB, yaani limeorodheshwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo kama la mtu aliyeshindwa kulipa. Benki siitaji, maana mambo ninayoyaeleza utayakuta karibu kila tawi hapa Kenya. Naipa nyota tatu kwa tano. Akaunti yenyewe haina neno. Kero iko kwenye vitu vinavyopachikwa juu yake.

Kwanza tuondoe hofu. CRB hutunza rekodi ya mikopo, na akaunti ya biashara ni mahali pa kuweka pesa zako mwenyewe. Benki inaweza kukukataa kwa sera yake, lakini kuorodheshwa peke yake hakukufungii mlango. Kinachokwamisha wengi ni fomu. Ukurasa wa huduma za ziada una visanduku: kitabu cha hundi, ovadrafti, kadi, benki ya simu. Afisa akiwa na haraka anaviwekea alama vyote kisha anakupa utie sahihi. Ukiomba ovadrafti umeomba mkopo, na hapo rekodi yako inachunguzwa kama ya mkopaji mwingine yeyote. Hundi nayo ina hatari yake: ikirudi kwa kukosa pesa, hiyo pia hupelekwa CRB, na kutoa hundi ukijua akaunti haina kitu ni kosa chini ya kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu. Weka alama kwenye kadi na benki ya simu tu. Hayo mengine yanaweza kuombwa baadaye.

Sasa jambo ambalo hakuna afisa atakayekutajia. Usifungue akaunti kwenye benki unayodaiwa. Biashara iliyosajiliwa kama jina la biashara tu si mtu wa pekee kisheria. Wewe na biashara yako ni kitu kimoja, kwa hiyo benki ina haki ya kukata deni lako binafsi kwenye pesa za duka. Unaweka mauzo ya Ijumaa, Jumatatu unakuta salio limeliwa. Na usidhani hudaiwi na benki kwa sababu ulikopea kwenye simu: M-Shwari ni ya NCBA, KCB M-Pesa ni ya KCB, na nyuma ya Fuliza wako hao hao wawili. Kampuni ya limited ni mtu tofauti kisheria, deni lako halihamii kwake hivi hivi, ila siku kampuni itakapoomba mkopo, wakurugenzi wataombwa wawe wadhamini na majina yao yatapekuliwa.

Kabla ya kwenda benki, chukua ripoti yako. Ofisi zenye leseni ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila moja inapaswa kukupa nakala ya bure mara moja kwa mwaka. Chukua zote tatu, kwa sababu deni linaweza kuonekana hapa na lisionekane pale. Alama ya Metropol ya kumpima mkopaji huanzia 200 hadi 900, na ukiwa chini ya 400 unahesabiwa kuwa umeshindwa kulipa. Usiishie kwenye alama, soma mstari kwa mstari. Deni ulilomaliza likiwa bado linaonyesha salio, mdai hakupeleka taarifa mpya. Mdai akupe barua ya kumaliza deni, kisha upeleke malalamiko kwa ofisi yenye ripoti. Wengi hudhani ukilipa leo kesho unafutwa. La. Deni linabaki kwenye ripoti miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa, likionyesha kwamba limelipwa, na hiyo ni tofauti kubwa machoni pa benki. Ule msamaha wa nusu ya mikopo ya simu uliotangazwa Novemba 2022 uliisha 31 Mei 2023, ingawa bado kuna watu wanauza "huduma ya kukusafisha". Hao ni matapeli.

Stakabadhi: kitambulisho, cheti cha jina la biashara kutoka eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), cheti cha PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), kibali cha kaunti na picha za pasipoti. Mwenye biashara peke yake hutumia PIN yake mwenyewe. Ubia na kampuni huwa na PIN zao. Kampuni huongeza CR12 (hati ya serikali inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa) na azimio la wakurugenzi linalotaja nani atatia sahihi. CR12 ya zamani hurudishwa, kwa hiyo iombe wiki ile ile unayokwenda. Kosa dogo linalopoteza siku nyingi ni majina kutolingana: cheti kinasema "Faraja Cereals", kibali kinasema "Faraja Cereals Shop", na faili linalala. Rekebisha kibali kwanza. Vivyo hivyo kwa mwenye majina matatu kwenye kitambulisho na mawili KRA.

Ada ndizo zilizonipunguzia nyota. Kila mwezi wanakata ada ya akaunti, kisha kila muamala, na ushuru juu yake. Kabla ya sahihi omba karatasi ya viwango na uulize kuhusu akaunti ya kulipia kwa muamala tu. Ipo, lakini haitajwi mpaka uulize.

Baada ya kufungua, pitisha mauzo humo kweli. Till ya Lipa na M-Pesa (namba ya duka ya kupokelea malipo kwa simu) inaweza kuunganishwa na akaunti ili pesa zishukie benki badala ya kuzitoa kwa wakala. Ada ya mpokeaji ni asilimia 0.55, na malipo ya hadi shilingi 200 hayakatwi. Ukija kuomba mkopo, huwa wanaanza na taarifa za akaunti za miezi 6. Pesa zinazoingia asubuhi na kutoka zote jioni zinaonekana humo pia, na afisa wa mikopo huangalia salio la mwisho wa siku kabla hajajumlisha mauzo.