The Tree of Life: nilijiandaa kulia, nikaishia kuangalia saa

Hii muvi watu wameisifia mpaka nikajiona nimechelewa maisha, ilibeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, 2011, Oscar wakaipendekeza filamu bora, ndani yupo Brad Pitt, Jessica Chastain na Sean Penn, nikasema basi leo nalia. Wapi! Mwanzo mzuri kweli, mama anapokea telegramu kwamba mwanae kafariki, unajiweka sawa na kitambaa mkononi, mara ghafla familia inaachwa tunapelekwa kwenye kuumbwa kwa ulimwengu, volkano, seli, halafu dainosaria anamkanyaga mwenzake kichwa. Dainosaria jamani, mi nilikuja msibani!

Haki yao niwape, picha alizopiga Lubezki ni balaa, na Pitt kama baba mkali wa Texas ya miaka ya 1950 nilimwogopa, pale mezani akichachamaa hata mimi niliacha kutafuna. Ningepewa hiyo tu ningeridhika. Ila huyu mwongozaji Malick kila ukianza kumzoea mtu anakukatia, anaweka mnong'ono, jua kwenye majani, mnong'ono tena... na Sean Penn yeye anazurura tu kwenye maghorofa kakunja uso, utadhani kalipwa kwa hatua. Yule kijana hata kufa kwake hatuelezwi ilikuwaje, sasa nalia vipi na mtu sijamjua? Saa mbili na robo na ushee hizo.

Nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya Pitt.